Anzia langoni mwa kiwanda
Mhadhara kwa wachimbaji wadogo na wafanyabiashara, Same

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimekuja na mawe mawili, yote meupe. Hili la kwanza nalikwaruza kwa ukucha, mnaona unga umebaki kidoleni. Kwenye la pili ukucha unateleza, kwa hiyo nalikwaruza kwa kisu na kuudondoshea unga wake siki. Linatoa povu. La kwanza ni jasi, yaani gypsum, la pili ni jiwe la chokaa. Neno la mwisho ni la maabara, lakini kwa kipimo hiki cha mezani mtu hatakuuzia eneo la chokaa akikwambia ni jasi.

Tukisikia madini, mawazo yanakimbilia dhahabu, au tanzanite ya majirani zetu wa Mirerani. Mwenye dhahabu anaifunga kwenye pindo la kanga, anasafiri nayo, na bei anaijua kabla hajafika. Jasi haibebeki hivyo. Ikiwa bado shimoni pale Makanya, hapa wilayani kwetu, thamani yake ni ndogo, na nauli ya lori inaweza kuizidi bei ya mzigo wenyewe. Ndiyo maana nasema, anayetafuta fursa kwenye madini ya viwandani aanzie langoni mwa kiwanda, kisha arudi nyuma hadi shimoni.

Mimi nilianza kinyume. Nilikata leseni, nikachimba, nikapakia tani 30 zikaenda kwenye kiwanda kimoja cha saruji. Walipopima sampuli wakasema udongo umezidi, unyevu umezidi. Tulikuwa tumechimba mvua ikiwa imetoka kunyesha, na vijana wakapakia kwa koleo bila kuchambua. Mzigo ulirudi. Nauli ya kwenda nililipa, na ya kurudi nililipa.

Tangu siku hiyo natangulia na kiroba kimoja na maswali yangu. Mnataka usafi wa kiwango gani? Unyevu usizidi asilimia ngapi? Mnachukua tani ngapi kwa mwezi? Mnalipa baada ya siku ngapi? Hilo la mwisho limewaangusha wengi, kwa sababu kiwanda kinaweza kukulipa baada ya miezi miwili, na wapakiaji wako wanataka chao jioni ileile.

Kwenye saruji, klinka, yaani chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja tanuruni, husagwa pamoja na jasi ili saruji isigande mara tu inapokutana na maji. Tani 100 za saruji hubeba kama tani 4 au 5 za jasi. Zinaonekana chache, lakini hesabu kiwanda kinachosaga mwaka mzima. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kuagiza jasi kutoka nje, macho yaligeukia huku kwetu. Sasa tazameni ramani. Makanya ipo kandokando ya barabara kuu na reli ya Tanga. Jasi ya Itigi ipo kwenye Reli ya Kati. Jasi ya Kilwa ipo kusini, upande wa kiwanda cha saruji cha Mtwara. Wenzetu wa Kenya wanachimba magadi ya Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100, na reli ilipelekwa mpaka ziwani. Bila reli ile, magadi yangebaki kuwa ganda jeupe juu ya maji.

Kuna hatua nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi. Jasi ukiichoma kwenye joto la nyuzi 150 hivi, inapoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga ambao ukiukoroga na maji unakuwa mgumu tena. Huo ndio unaotengeneza chaki za watoto wetu, na ndio hiyohiyo "jipsamu" mafundi wanayopamba nayo dari. Kinachosafirishwa hapo ni bidhaa, na nauli haiumizi sana.

Kuhusu sheria nitasema machache. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, na inaombwa Tume ya Madini. Lakini leseni haikupi shamba la mtu. Kaa na mwenye eneo, mkubaliane fidia kwa maandishi, mbele ya serikali ya kijiji. Na mashimo tuyafukie, jamani. Yakijaa maji ya masika, watoto wanaochunga ng'ombe huenda kuogelea humo.

Waliokuja na sampuli wazilete mbele. Andikeni juu ya mfuko zilikotoka na kina cha shimo, tuanze kuzikwaruza.