Ufuo wa Umma Una Wenyewe: Ruhusa ya Kutafuta Metali Kando ya Ziwa

(Mhadhara kwa wavuvi, vijana na wafanyabiashara wa mwaloni, Entebbe)

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, wazee wa mwalo, maafande wa doria ya ziwa, kina mama wa mukene, wale dagaa wa ziwani, na nyinyi vijana mliokuja na mashine zenu mikononi, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru tumekubaliana tuongee Kiswahili. Hapa wamo Waganda, Wasamia, Wajaluo, Waalur, na ndugu zetu wa Tanzania na Kongo, na kila boti ikitia nanga hii ndiyo lugha ya kupokeana.

Nimeombwa nijibu swali moja. Mtu akiwa na mashine ya kutambua metali, hii mnayoiita ditekta, anaruhusiwa kuingia nayo ufuoni?

Inategemea anataka kufanya nini. Kupita na mashine ni ruhusa moja. Kuchimba ni ruhusa nyingine. Kuondoka na kitu kilichotoka mchangani ni ruhusa ya tatu, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Vijana wengi wanaoishia kituo cha polisi walipewa ile ya kwanza, tena kwa mdomo tu, wakadhani wamepewa zote.

Tuanze na mwenye ufuo. Nasikia mkisema, "Hii ni beach ya umma, haina mwenyewe." Hapana. Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema maziwa ya asili, mito, maeneo ya majimaji na hifadhi za misitu vimeshikwa na serikali kuu au serikali za mitaa kwa amana, kwa ajili ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaongeza kwamba mali hiyo serikali haiwezi kuiuza wala kuikodisha, lakini inaweza kumpa mtu kibali cha kuitumia. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila lazima ubishe hodi, kwa sababu ndani wamo watu milioni nyingi wenye haki sawa na yako.

Halafu kuna kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Kwa maziwa makubwa, Nalubaale, yaani Ziwa Victoria hili letu, likiwemo, ukanda wa mita 200 ni eneo la hifadhi, na mita hizo zinapimwa kuanzia pale maji yanapofika yakiwa yamepungua. Mnakumbuka mwaka 2020, kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42 na kuipita rekodi ya mwaka 1964? Hapa Entebbe maji yaliingia mahotelini, kuta zikasimama ziwani. Sasa fikirini: kama kipimo kinaanzia maji yalipopungua, mchanga wote mnaoukanyaga nyinyi na ditekta zenu umo ndani ya ukanda huo. Mwenye jukumu la kuuangalia ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kutembea hawatakuuliza. Ukianza kufukua shimo baada ya shimo, watakuuliza, na wana haki.

Fukwe zenye geti na tiketi sina mengi ya kusema juu yake. Yule aliyekuuzia tiketi amekuuzia kuogelea na kukaa kivulini. Mtafute meneja, mwombe, akuandikie. Akikataa, ondoka kwa heshima.

Mwaloni mambo ni tofauti, na hapa naomba vijana mnisikilize. Mwaloni hakuna geti, lakini kila hatua ya mchanga ina mtu wake. Pale kwenye nyavu zilizotandazwa, mama ameanika mukene tangu alfajiri. Mukene hao ni karo ya shule. Ukipita katikati na mashine, miguu yako inarusha mchanga juu ya samaki, na mukene wenye mchanga wanashuka bei saa hiyo hiyo, wanakuwa chakula cha kuku. Mwombe kwanza yule mama. Mwambie, "Mama, naomba kupita hapa ukishaanua." Atakuambia saa ngapi. Hakuna ofisi Kampala inayoweza kukupa ruhusa hiyo badala yake. Vivyo hivyo kwa mwenye boti: chini ya boti lake mna ndoana, misumari na vyuma vya kuzamishia nyavu alivyoviangusha yeye, na anajua kabisa ni zake.

Kisha kuna usalama. Tangu mabomu ya Julai 2010 kule Kampala, Kyadondo na Kabalagala, Mganda anajua ditekta ni kifaa cha askari mlangoni. Akimwona raia ameinama nayo ufuoni, anawaza bomu, au anawaza dhahabu, na mawazo yote mawili huleta kundi la watu. Maafande walioko hapa tangu jeshi lianze kulinda uvuvi mwaka 2017 hawawezi kukuacha upite bila maelezo. Msiwalaumu. Nenda kwao kabla hujawasha mashine. Na karibu na uwanja wa ndege, Ikulu au kambi yoyote ya jeshi, usiende hata kama umebeba barua kumi.

Sasa tuje kwenye kuchimba.

Ukitazama sehemu nyingi za fukwe zetu na za visiwa vya Ssese unaona msitu na vichaka, unasema hapa hapajawahi kukaa mtu. Lakini kuanzia mwaka 1900 hivi malale yaliingia kando ya ziwa hili, na katika miaka michache yakaua zaidi ya watu 200,000. Kati ya mwaka 1906 na 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu waliobaki, kwanza pwani, kisha visiwani. Waliacha nyumba, migomba, majembe, vyungu, makaburi. Msitu ukafunika. Kwa hiyo mashine yako inapolia chini ya mti kisiwani, inawezekana kabisa umesimama uani kwa mtu, na wajukuu zake wapo, pengine wamo humu ndani.

Na chini ya uani huo huwa pana uani mwingine wa zamani zaidi. Kuzunguka ziwa hili kuna vigae vya vyungu vya Urewe, vilivyofinyangwa na watu waliokuwa wakiyeyusha chuma hapa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ditekta haisikii udongo. Inasikia kipande cha chuma, inalia, wewe unachoma sepetu, na njiani unavunja chungu ambacho mashine haikukutajia. Hilo ndilo linaloniumiza moyo kuliko yote katika kazi hii. Unatoka na msumari, umeacha nyuma vipande ambavyo hakuna atakayeviunganisha.

Mwaka 1929, pale Luzira, Kampala, kwenye kilima cha gereza kinachotazama ziwa, watu waliokuwa wakichimba walifukua vipande vya sanamu ya udongo: kichwa cha binadamu chenye uso mtulivu, pamoja na vigae vingi. Leo kichwa hicho kiko London, British Museum. Kwa sababu hakikutolewa na wataalamu ardhini hatua kwa hatua, wasomi walihangaika miaka mingi wakijaribu kukipa umri. Kitu tunacho, historia yake ilibaki shimoni.

Tena sisi watu wa Kiswahili tuna mfano wetu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa ufuoni, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini ya nchi hiyo. Tano zilikuwa sarafu za Kilwa. Sarafu za masultani wa Kilwa, ng'ambo ya bahari nzima! Alizitia kwenye kopo, zikakaa humo hadi mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu na kuchora alama kwenye ramani kwa kukumbuka. Hadi leo watu wanabishana zilifikaje. Angepima mahali pale siku ile ile, akaandika kina na kilichokuwa jirani, pengine tungekuwa na jibu.

Ndiyo maana sheria ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, haikuachii uchimbe vitu vya kale kwa kupenda kwako. Kuchimbua mahali pa kale kunataka kibali cha serikali, na ukikuta kitu cha kale kwa bahati, unatakiwa utoe taarifa. Ofisi yao iko Kampala, kwenye jumba la makumbusho la taifa, Kamwokya. Mkiwa mbali, afisa utamaduni wa wilaya anaweza kuwafikishia habari.

Kuna fukwe ambazo ditekta isiwashwe kabisa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, mto Kagera ulileta maiti hadi ziwani kwetu. Wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliwatoa majini kwa mikono yao, siku baada ya siku, wakawazika. Makaburi hayo matatu yana zaidi ya watu 10,000. Wazee wengine hapa waliona. Mtu yeyote anayewaza pete na mikufu karibu na maeneo hayo, namwomba auweke chini mpango huo sasa hivi. Hakuna mkubwa wa kukupa ruhusa hiyo.

Dhahabu nitaipitia haraka, maana najua imewaleta baadhi yenu. Ibara ya 244 ya Katiba inaweka madini yote mikononi mwa serikali kwa niaba ya taifa, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inataka leseni hata ukitafuta tu. Barua ya LC haitoshi. Na kuhusu risasi na makombora: vita vya 1979 vya kumwondoa Idi Amin vilipita Mutukula, Masaka, hadi hapa Entebbe. Mashine ikilia, ukafukua ukaona kitu kama ganda la kombora, usikiguse. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, waite maafande.

Vijana mmeniambia mnatazama video za Uingereza, watu wanatembea ufuoni bila kumwomba mtu. Ni kweli kwamba ukanda wa kupwa na kujaa unaosimamiwa na Crown Estate, shirika la ardhi ya ufalme wao, umefunguliwa kwa watu wote bila kibali cha mmoja mmoja. Lakini kando ya mto Thames pale London lazima uwe na kibali hata ukitumia macho matupu. Ukipata kitu kinachohesabika kuwa hazina, una siku 14 za kuripoti. Ufaransa unaomba idhini ya serikali ya mkoa. Ireland hutafuti vitu vya kale kwa mashine bila idhini ya maandishi. Video haikuonyeshi makaratasi hayo.

Basi barua iandikwe hivi. Taja jina lako na namba ya kitambulisho. Taja mwalo, kutoka alama gani hadi alama gani, kwa mfano kutoka mti wa mwembe hadi gati la mafuta. Taja tarehe na saa. Sema utachimba kina gani. Mimi nashauri kiganja kimoja tu, mchangani pasipo na majani wala vigae, na kila shimo ulifukie kabla hujapiga hatua. Sema takataka zote utazibeba, vizibo vya soda na ndoana pia, kwa sababu watoto wanatembea peku. Sema vitakavyopatikana vitaonyeshwa kwa nani. LC1 apige mhuri, nakala moja kwa maafande, moja kwa manispaa, moja kwa idara ya makumbusho. Mgeni kutoka nje anayefanya utafiti ana kibali chake kingine, cha baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na bado atapita kwa mwenyekiti.

Nimeona mkono pale nyuma. Kijana anauliza: akiokota senti kumi ya zamani yenye tundu, ile ya mkoloni, je? Ionyeshe idara ya makumbusho pamoja na mahali ulipoipata. Sarafu iliyopotea peke yake mchangani si sawa na sarafu iliyo ndani ya chungu. Ukiona ya pili inafuata, na ya tatu, simama, usichimbe tena, piga simu.

Na mama anauliza kuhusu pete ya ndoa. Hiyo si ya kale, mama, ina mwenyewe aliye hai. Sheria ya adhabu haimhesabu mwokotaji kuwa mwizi kama hamjui mwenye mali na ana sababu ya kuamini hawezi kupatikana. Lakini pete mara nyingi ina majina au tarehe kwa ndani, kwa hiyo sababu hiyo huna. Ipeleke kwa mwenyekiti iandikwe kwenye kitabu, mbele ya shahidi. Itangazwe kanisani, msikitini na kwa wenye maboti. Usitangaze ina herufi gani, acha anayeidai azitaje mwenyewe.