Mzee aliyetembea vyumba vyote vya Gugong kwa miguu

Haya jamani asalam aleikum, wa Malindi mpo? wa Mombasa? Leo niko Beijing ndani ya Gugong, lile kasri la wafalme wa zamani wa China ambalo sasa ni makumbusho, na baridi yake msiniulize, vidole havinisikii. Nataka niwaambie habari za mzee mmoja anaitwa Shan Jixiang, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho haya kuanzia 2012 hadi mwezi wa nne 2019, mimi huyu mzee nampenda kwa dhati.

Alipopewa kazi hakukaa ofisini, alivaa viatu vyake vya kitambaa akazunguka vyumba vyote, na vyumba ni 9,371, na hapa kila mtu atakuambia alimaliza jozi zaidi ya 20 za viatu kwa miezi mitano tu. Yani anafungua mlango mmoja mmoja. Kumbe wakati ule sehemu iliyokuwa wazi kwa watu ni kama asilimia 30, kwengine kote unakuta kibao, mgeni mwisho hapa. Alipoondoka ilikuwa imepita 80.

Sasa oneni hiki kiti. Zamani watu walikuwa wakichoka wanakaa chini sakafuni, yeye akasema hapana, mtu aliyelipa tiketi yake akae kwa heshima, wakaweka viti kila upande mpaka chini ya miti. Mamangu alipokuja kunitembelea, na magoti yake yale mnayajua, alikaa hapahapa, akavua kiatu akasugua mguu taratibu, akaniambia mwanangu huyu aliyeweka kiti hapa ana mama. Hata vyoo, alipiga hesabu akaona vya wanawake vinatakiwa viwe mara 2.6 ya vile vya wanaume ndio foleni iishe, na akaviongeza kweli. Kina dada mnanielewa.

Halafu februari 2019 akafungua kasri usiku, taa nyekundu juu ya kuta, watu waligombania tiketi mpaka tovuti ikalala.

Na sisi watu wa pwani tunahusika jamani! Kabla ya hapa alikuwa mkuu wa idara ya taifa ya urithi wa kale, 2002 mpaka 2012, na ndani ya miaka hiyo wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking wakaja kwetu Mambrui, wakachimba na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, 2010 ikatoka sarafu ya mfalme Yongle. Yongle ndiye aliyejenga hili kasri, likamalizika 1420, na ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi 1415. Twiga wetu! Mi nikikaa kwenye hiki kiti namfikiria yule twiga amevuka bahari yote ile na shingo yake.

Haya askari anatuita, wakati wa baridi wanafunga saa kumi na nusu, ngoja nimalizie kuwaonyesha ule ukuta hapo nje.