Msiwachagulishe Watoto: Saikolojia na Kompyuta Zinasomeka Pamoja

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi.

Haya ninayoyasema nimeyasema Arusha, nimeyasema Himo, leo nayasema tena hapa Moshi. Nitayasema mpaka mzazi wa mwisho aache kumwambia mtoto: kama unapenda kompyuta, soma kompyuta, saikolojia waachie wanaotaka kusikiliza matatizo ya watu.

Nani kawaambia? Kulikuwa na mwanasaikolojia Mmarekani, J. C. R. Licklider, mtaalamu wa namna sikio na ubongo vinavyopokea sauti. Mwaka 1957 akaamua kujichunguza mwenyewe, akawa anaandika anachofanya saa za kazi. Akakuta kama asilimia 85 ya muda aliouita wa kufikiri si wa kufikiri kabisa. Anatafuta takwimu, anapiga hesabu, anachora grafu au anamwelekeza msaidizi namna ya kuchora. Grafu ikikamilika, jibu analiona hapo hapo. Saa nzima za ukarani, sekunde chache za akili!

Mhandisi angesema tuongeze kasi ya mashine. Huyu akauliza swali la kisaikolojia: mtu anakwama wapi, na mashine impokee mzigo gani? Mwaka 1960 akaandika kwamba mtu na kompyuta wafanye kazi kwa kujibizana, huyu anauliza, ile inajibu. Zama hizo maagizo ya kompyuta uliyapeleka kwenye kadi za karatasi zilizotobolewa, ukaenda kusubiri jibu. Mwaka 1962 akapewa ofisi ARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, pamoja na fungu la fedha. Mwaka uliofuata akawaandikia watafiti aliowafadhili kuhusu kuunganisha kompyuta zao. ARPANET, mtandao wa kompyuta wa shirika hilo, ikawashwa 1969, yeye ameshaondoka pale, na ndiyo iliyozaa intaneti hii mnayochati nayo huko nyuma. Ndiyo, wewe, nakuona.

Najua kuna baba anasema moyoni: hayo ya Marekani, hapa kazi iko wapi? Baba, nenda sokoni Kiboriloni. Mtazame mama muuza ndizi anavyotuma pesa kwa simu. Bonyeza moja, bonyeza nne, soma orodha, kumbuka namba. Hajamaliza kusoma, menyu imekatika, aanze upya na mteja kasimama. Kijana aliyeiandika programu ile anaijua kazi yake. Asichokijua ni vitu vingapi mtu anaweza kushika kichwani kwa mara moja, na hilo wanasaikolojia wanalipima tangu enzi za babu zenu. Atakayeitwa kuirekebisha ni anayejua yote mawili, na hataitwa bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nikimbie: Frank Rosenblatt, aliyebuni perceptron, mfano wa awali wa mashine inayojifunza, miaka ya 1950, mwanasaikolojia. Geoffrey Hinton wa akili bandia, shahada yake ya kwanza, Cambridge, ni saikolojia. Mwaka 2024 kapewa Nobel ya fizikia. Fizikia, jamani!

La ajira serikalini naliacha, lina mdahalo wake. Vijana, hesabu msizikimbie, maana saikolojia bila takwimu ni umbea wenye cheti. R na Python, lugha za kuiandikia kompyuta maagizo na kuchambulia takwimu, ni za bure, anzeni likizo hii.

Maswali sasa. Tuanze na mama wa kitenge cha kijani, amenuna tangu nilipotaja saikolojia.