Kimya cha Paka Baada ya Upasuaji

Ndugu zangu, nianze na paka wangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Siku niliyomrudisha nyumbani baada ya kutolewa kizazi, alijikunyata nyuma ya kabati, kimya. Nikasema, afadhali, ametulia. Kumbe alikuwa anaumia.

Paka huficha maumivu, kwa hiyo msisubiri alie. Mtazameni usoni. Macho yamefumbwa nusu, masikio yamelalia pembeni, mdomo umekazana, masharubu yamenyooka, kichwa kimeinama chini ya mabega. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma sehemu hizohizo tano. Na akikoroma, msihadaike: paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma akiwa na maumivu pia.

Basi tumfarijije? Hapa ndipo upendo unapotuponza. Tunamnyanyua, tunampakata, kila mtu nyumbani anataka kumshika, na mshono bado mbichi. Anachotaka ni maficho. Lazeni boksi ubavu, mtandike nguo mliyoivaa ili anuse harufu anayoijua, na chumba kiwe na joto, kwani nusukaputi hushusha joto la mwili. Kisha kaeni sakafuni, mnyooshe kidole, mngoje. Wangu alitoka usiku wa pili. Alinusa ncha ya kidole changu, akasugua shavu lake hapo mara moja, akarudi ndani. Ilinitosha.

Kama mna paka mwingine, watengeni kwanza. Mgonjwa amerudi na harufu ya dawa, na mwenzake anaweza kumfokea kama mgeni.

Hili la dawa nawasihi mlishike. Parasetamoli ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuivunja ipasavyo, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Mpeni alichoandika daktari wa mifugo, basi.

Chakula kipasheni kidogo ili kinukie. Akipitisha siku nzima bila kula, mpigieni daktari, kwa sababu paka asipokula, mafuta hujazana kwenye ini. Vivyo hivyo mkiona usaha au ufizi umepauka.

Kola ya shingoni, ile ya kumzuia asilambe mshono, ataichukia. Msimwonee huruma mkamvua kabla ya nyuzi kutolewa, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Wangu nilipomvua, alikaa palepale akajilamba shingo mpaka manyoya yakalowa, ndipo akapanda mapajani mwangu.