Kutoka Kiwanja cha Maskini hadi jukwaa la Mei Mosi

Assalaam alaykum, hamjambo jamani, habari za huko nyumbani. Leo nimetoka nje kidogo. Huo nyuma yangu ni mto Elbe, na zile winchi mnazoziona ng'ambo ni za bandari ya Hamburg. Upepo unapiga, kwa hivyo sauti ikikatika nistahimilini.

Kijana mmoja wa Changamwe, Mombasa, ameniuliza, nami nikaona hili silijibu kwa maandishi mawili matatu. Anasema: kaka, yeye ni kibarua bandarini, kaletwa na ajenti, yaani kampuni inayokodisha vibarua. Chama cha wafanyakazi anakiona Mei Mosi tu, watu wamevaa fulana mpya, Atwoli, yule mkubwa wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, anafoka jukwaani, halafu basi. Mbona huko uliko wakigoma meli zinabaki kungoja baharini?

Twende pole pole, maana jibu linaanzia Mombasa, haliko huku.

Januari 1947, Mombasa nzima ilisimama. Watu kama 15,000 waligoma siku 12. Nasema Mombasa nzima kwa maana: makuli wa bandari ya Kilindini, watu wa reli, wa mahoteli, mpaka wapishi na maboi wa majumbani mwa Wazungu. Vita vilikuwa vimekwisha, bei zimepanda, kodi ya chumba haishikiki, mshahara uko pale pale. Wakawa wanakutana kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, maelfu kwa maelfu, wanasikilizana. Humo ndimo likatoka shirikisho la wafanyakazi Waafrika, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi akawa Chege Kibachia. Agosti mwaka huo huo serikali ikamkamata, ikampeleka bara kizuizini.

Angalieni kitu kimoja hapo. Hakuna aliyeulizwa kwanza ameajiriwa na nani. Ukiwa maskini wa Mombasa, uko ndani.

Sasa mkoloni hakuwa mjinga. Aliona hatari yake iko wapi: kuli wa kutwa, leo yuko bandarini, kesho anauza samaki, keshokutwa kalala kwa nduguye Majengo, shida zake na za mtaa ni zile zile. Akigoma yeye, mji wote unagoma. Kwa hivyo dawa ikawa kumtenganisha. Makuli wakaandikishwa, wakapewa kazi ya kudumu polepole, wakaongezwa mshahara. Mwaka 1955 bandari iligoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akashuka kutoka Nairobi kusuluhisha, na nyongeza ikatoka asilimia 33. Kufikia uhuru, kuli wa Mombasa alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mikono wanaolipwa vizuri Kenya.

Siwalaumu wazee wetu, hapana. Wengi wetu tumesomeshwa na pesa hiyo. Lakini bei yake ilikuwa kwamba chama kikawa cha walio ndani ya geti. Mama mwenye kibanda cha chai nje ya geti, akatoka kwenye hesabu.

Halafu siasa. Baada ya uhuru vyama viligawanyika, kambi mbili zikawa zinavutana, na mwaka 1965 hapo hapo Mombasa wafuasi wao walipigana mpaka watu wakafa. Mzee Kenyatta akavunja kambi zote mbili, ikazaliwa COTU. Na sheria zilizowekwa zilikuwa hivi: wanachama wanapendekeza majina ya katibu mkuu, rais ndiye anayechagua mmoja. Yaani mtetezi wako anateuliwa Ikulu! Mwaka 1989 COTU ikafika hadi kuungana rasmi na KANU, chama tawala cha wakati huo. Watu hucheka wakimwona kiongozi wa wafanyakazi amekaa karibu na rais, wakidhani ni tabia ya mtu mmoja. Kiti kile kilitengenezwa kukaa pale.

Atwoli aliingia kwenye kiti hicho cha katibu mkuu 2001. Mwaka 2022 alimpigia debe Raila waziwazi kwenye uchaguzi wa rais, kambi yake ikashindwa, na haikuchukua muda akawa anaelewana na Ruto aliyeshinda. Makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu yalipokuja, COTU ikayaunga mkono. Haya, labda walikuwa na hesabu zao. Ila mtu aliyefungua hati yake ya mshahara akaona imepungua, halafu akasikia chama chake kinasema sawa tu, huyo anabaki na swali moja: chama kipo upande gani?

Na 2019, mizigo ya bandarini ilipoamriwa ipande treni ya SGR, ile reli mpya, ikatolewe Nairobi, ni nani walioumia kwanza? Madereva wa matrela, makanika wa Miritini, vijana wa yadi za makontena, akina mama wa chakula. Wengi wao hawana chama cha kuwasemea. Waliotoka barabarani wengi walikuwa wanaharakati na wananchi. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, siku Ruto alipoapishwa, kwa sababu ilikuwa ahadi ya kampeni. Kura ndiyo iliyofanya kazi ambayo zamani ingefanywa na mgomo.

Haya, na huku? Msiwaonee gere sana Wajerumani. Kweli, Julai 2022 wafanyakazi wa bandari hizi waligoma saa 48, mgomo mrefu kuliko wowote humu bandarini kwa zaidi ya miaka 40, na kwenye makontena wakapata nyongeza ya asilimia 9.4. Lakini shirikisho lao kubwa lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 11 mwaka 1991, leo hawafiki milioni 6. Na kugoma kwa ajili ya siasa huku hakuruhusiwi. Unagoma kwa mshahara na masharti ya kazi, ukitaka kumpinga waziri nenda kaandamane siku yako ya mapumziko.

Mimi mwenyewe niliingia ghalani kupitia ajenti, kama yule kijana. Kazi ile ile, meza ile ile, mwenzangu wa kudumu ananizidi mshahara. Lakini kuna jambo limenifumbua macho. Tangu 2017 sheria ya huku inamkataza mwajiri kuwatumia watu wa ajenti kufanya kazi za waliogoma. Fikirieni maana yake. Zamani wa ajenti alikuwa ndiye rungu la kumpigia wa kudumu. Sheria ile imewapa wote sababu ya kuzungumza, na wa kudumu sasa wananiamkia vizuri asubuhi, ha!

Kwetu mkwamo uko kwenye sheria pia. Ili mwajiri akitambue chama lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Sasa dereva wa tuktuk pale Mwembe Tayari mwajiri wake ni nani? Na vibarua wanaobadilishwa kila wiki utapata vipi nusu yao? Mwajiri mjanja hahitaji hata kupiga chama vita, anabadilisha mikataba tu.

Walioweza siku hizi ni wale wenye kazi isiyozibika. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, viongozi wao wakafungwa jela, hawakurudi kazini. Na Mei Mosi ya 2023, Nairobi, zaidi ya vijana 150 wanaochuja picha na maandishi ya Facebook, TikTok na ChatGPT walipiga kura waunde chama chao. Wengi walikuwa wameajiriwa na makampuni ya katikati yanayopewa kazi hiyo, si na wenye mtandao. Hao ndio makuli wa sasa, na wameanza bila kumngoja mtu wa COTU.

Kwa hivyo wewe mdogo wangu wa Changamwe. Vyama Kenya hufanya uchaguzi kila miaka 5, na wagombea watapita hapo getini kwenu kutafuta kura za wa kudumu. Simama nao. Waulize: sisi wa ajenti mtatuandikisha lini? Wakikujibu kwamba sheria haiwaruhusu, waambie wafungue Katiba, kifungu cha 41, sehemu ya pili, panapoanza na "kila mfanyakazi", wakuoneshe hapo wewe umetolewa wapi.