Leteni Kitabu cha Nidhamu: Jinsi ya Kuomba Fedha za Amani na Maadili Shuleni

Walimu wakuu, walimu wenzangu wa ushauri nasaha, wanabodi na wazazi mliofika, hamjambo? Kwenye barua ya mwaliko niliomba kila shule ije na kitabu chake cha nidhamu, kile ambacho mwalimu wa zamu huandika nani kapigana, nani katoroka, nani kavunja kioo. Nimehesabu vitatu. Siwalaumu. Hakuna mwalimu mkuu anayependa kitabu kile kitoke ofisini. Lakini ndicho nilichokuja kukizungumzia, hata kama tangazo lilisema nitazungumzia fedha.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, shule niliyokuwa nikifundisha huku Bonde la Ufa iliandika andiko la mradi kuombea klabu ya amani fedha. Kurasa kumi na nne! Tuliandika kwamba amani ni msingi wa maendeleo, kwamba vijana ni viongozi wa kesho, tukapachika na methali mbili. Mfadhili, ambaye sitamtaja, alilirudisha na swali moja: katika shule yenu, nani anagombana na nani? Tulikasirika. Tukasema huyu anatudharau. Kisha tukakaa chumba cha walimu tumjibu, kukawa kimya, kwa sababu kila mmoja alilijua jibu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Jibu lilikuwa mabweni. Kila Januari kidato cha kwanza walikuwa wakijigawa vitanda kwa lugha za nyumbani, nasi tukiwaacha, maana hawakutupigia kelele. Viranja karibu wote walitoka upande mmoja. Ulipokaribia uchaguzi, ugomvi wa foleni ya chakula uliongezeka, na baada ya uchaguzi ukapungua. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kitabu cha nidhamu, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko wetu wenyewe. Hakuna aliyekuwa amekaa akayasoma kwa pamoja.

Andiko la pili lilikuwa kurasa tano. Lilisema: muhula huu tuliandikisha mapigano kadhaa, mengi yao mahali fulani, saa fulani, kati ya makundi haya. Tunataka kupanga mabweni upya, kubadilisha namna ya kuchagua viranja, kufundisha wanafunzi wachache kupatanisha wenzao, na baada ya mihula mitatu tutasoma tena kitabu kilekile. Hapo mfadhili anaona fedha zake zinakwenda wapi. Yale ya viongozi wa kesho keshayasoma mara mia.

Na historia msimfundishe. Anayesoma maombi kutoka Kenya anajua kwamba ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha zaidi ya nusu milioni. Pengine anajua pia kwamba mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilianzisha mpango wa elimu ya amani kwa msaada wa UNICEF, na kwamba 2014 kukawa na sera kamili ya elimu ya amani. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa inahimiza klabu za Amani shuleni. Mtaala wa umilisi umeitaja amani, umoja, heshima na uwajibikaji miongoni mwa maadili ambayo kila mtoto ajengewe. Sentensi mbili kuhusu hayo zinatosha, ili aone kwamba mnatembea na sera ya nchi. Asichokijua ni shule yenu.

Sasa, fedha zenyewe. Wengi mlizoea kwamba mradi wa amani ni mradi wa Marekani. Januari 2025 misaada ya Marekani ya nje ilisimamishwa, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Nawajua watu waliolala na mradi wakaamka hawana. Kwa hiyo ninachowaonyesha ni milango midogo, na kusema kweli mimi huipenda zaidi ile midogo.

Rotary, wale wa klabu za kujitolea zilizoenea duniani, wameweka ujenzi wa amani na kuzuia migogoro miongoni mwa maeneo yao ya kazi. Ila ruzuku yao ya kimataifa inaanzia bajeti ya dola 30,000, na shule haiombi yenyewe: anayeomba ni klabu ya Rotary ya hapa pamoja na klabu ya nchi nyingine, na lazima kwanza ifanyike tathmini ya mahitaji ya jamii. Maana yake ni kwamba kazi yako ya kwanza ni kwenda kwenye mkutano wa klabu ya mjini kwako, ukae, unywe chai, uwasikilize, urudi tena. Dola 30,000 kwa shule moja ni nyingi mno, kwa hiyo unganeni shule tano au sita. Zipo pia ruzuku za wilaya za Rotary, ambazo ni ndogo na zinafaa shule moja.

UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wana mpango wa kuchangia miradi midogo ya nchi wanachama, lakini maombi hupitia Tume ya Taifa ya UNESCO, hayatumwi makao makuu Paris moja kwa moja. Shule yaweza pia kuomba kuingia mtandao wa shule shirikishi za UNESCO, uliokuwapo tangu 1953. Mtandao huo haugawi fedha, lakini unawapa jina la kuandika kwenye andiko. Ubalozi wa Japani wana Kusanone, msaada wa miradi ya mashinani. Huo huelemea majengo na vifaa. Ukipata bweni jipya kwa njia hiyo, basi tumia nafasi hiyo kupanga vitanda upya.

Halafu kuna mlango tunaoudharau, nao ni harambee. Wazazi wakichanga hata shilingi elfu hamsini, andika hivyo kwenye bajeti, ambatisha risiti. Mfadhili akiona mmejichangia anajua mradi hautakufa siku atakapoondoka.

Bajeti niiseme haraka, maana inaniuma. Msianze na posho za vikao. Msiweke tisheti mia mbili zenye njiwa kifuani. Nimeona bajeti ambayo nusu yake ni chakula cha hotelini, na waliofundishwa kupatanisha ni walimu peke yao, huku wanaopigana ni wanafunzi. Fedha zipite akaunti ya shule, bodi ijue, risiti ziwekwe.

Akija mtu akasema, mimi nina shirika, nitawaombea, mnipe asilimia yangu: mwombeni cheti. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika Mei 2024, kwa hiyo hakikisheni kwamba analoliita shirika limesajiliwa.

Jambo jingine ni la watoto. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla hujatumia taarifa za mtoto. Kitabu cha nidhamu mnakisoma ninyi. Kinachokwenda kwa mfadhili ni hesabu tu: mapigano mangapi, wapi, lini. Majina yabaki ofisini. Na makabila msiyaorodheshe kwenye jedwali kama magunia ya mahindi, maana karatasi hiyo ikiangukia mikono mibaya mwaka wa uchaguzi itazua ugomvi ambao haukuwapo.

Mwalimu pale nyuma ameniandikia karatasi: je, nikionyesha ugomvi wa shule yangu, si nitaonekana sifai? Mwalimu, hofu yako ni ya kweli. Nilimwuliza afisa mmoja wa ufadhili swali hilo hilo. Akanijibu kwamba shule isiyo na ugomvi hata mmoja huwa anairuka, kwa kuwa ama haihitaji fedha zake ama inadanganya. Ila zungumza kwanza na bodi yako, wasije wakasoma kwa mfadhili jambo ambalo hukuwaambia wao.

Wale watatu wenye vitabu, sogeeni meza ya mbele. Wengine zungukeni muone. Tuanze na muhula wa pili wa mwaka jana, tuhesabu mapigano ya foleni ya chakula.