Mapovu ya Miale ya Gama Juu na Chini ya Galaksi Yetu

Mabibi na mabwana, ndugu wanafunzi wa Bukavu,

Aliyepita Kadutu mchana akamkuta fundi akichomelea mlango wa chuma amekwisha kuiona plazima, ingawa fundi mwenyewe humkataza asiitazame. Pale kati ya ncha ya fimbo na chuma, hewa huwaka hadi atomu zake zikapokonywa elektroni, ikabaki mchanganyiko wa chembe zenye chaji, unaopitisha umeme na kuitii sumaku. Sehemu kubwa ya mada inayong'aa angani iko katika hali hiyo hiyo, na humo yamo mapovu ninayotaka kuyazungumzia.

Mwaka 2010 Meng Su, Tracy Slatyer na Douglas Finkbeiner, wakichambua data za darubini ya Fermi iliyorushwa mwaka 2008, walitambua mapovu mawili ya miale ya gama, yaani nuru isiyoonekana yenye nishati kubwa mno, moja juu ya kitovu cha galaksi yetu na jingine chini yake, kila moja likinyanyuka takriban miaka-nuru 25,000 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru huusafiri kwa mwaka mmoja). Kitovuni lipo shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4 hivi, na wengi hudhani ndilo lililoyapuliza mapovu hayo. Mimi hunishughulisha zaidi hesabu ya muda.

Elektroni yenye nishati kubwa huigonga nuru hafifu iliyoenea angani na kuigeuza gama, lakini kila mgongano huipunguzia nguvu, na ile inayotoa miale mikali huishiwa katika muda wa takriban miaka milioni 1. Upepo wa plazima unaokwenda kilomita 1,000 kwa sekunde, mwendo wa kutoka hapa hadi Kinshasa kwa sekunde moja na nusu hivi, ungehitaji zaidi ya miaka milioni 7 kufika kileleni. Elektroni ya kitovuni ingefia njiani. Basi ama mlipuko wa kitovuni ulikuwa wa kasi zaidi, ama chembe huongezewa nguvu huko huko juu, zikirushwa huku na huko na uga wa sumaku uliovurugika, wazo ambalo Enrico Fermi mwenyewe, mwanafizikia ambaye darubini ile imepewa jina lake, alilitoa mwaka 1949.

Wako wanaosema gama hiyo hutoka kwa protoni zinazogonga gesi, kwa kuwa protoni hazichoki upesi kama elektroni. Hoja hiyo siidharau, ila gesi ya kugongwa na protoni hizo ni haba mno kule, na zingehitaji mabilioni ya miaka kujikusanya.

Mwaka 2020 darubini ya eROSITA ilionyesha mapovu makubwa zaidi ya miale ya eksi yakiyazunguka haya, yenye gesi ya joto la mamilioni ya digrii. Gesi haichemki hivyo bila kupitiwa na kitu, na ndiyo sababu naegemea upande wa mawimbi ya mshtuko, yaani migandamizo inayoipita gesi kwa kasi kuliko sauti, ikiipasha joto na kuziongezea chembe nguvu huko huko juu.